Sura ya Tisa: Barabara Chini ya Barafu

Saa mbili asubuhi ya Ijumaa, mpelelezi Roma Kubiak alikuwa amepiga magoti ndani ya kibanda cha Gordy Prellwitz, juu ya barafu ya Ziwa Tolliver, akimshuhudia mshukiwa wake wa pekee akimponyoka.

"Sema tena," alisema. "Tarehe tisa Oktoba."

"Fenske alikuwa na mimi kutwa nzima kwenye mashua." Gordy hakuinua macho kutoka kwenye tundu la barafu. "Alivua kambare mmoja, akatapika mara mbili, kisha akanibembeleza nimrudishe nchi kavu. Picha ninayo. Ya kambare, siyo ya kutapika."

"Una hakika ilikuwa tarehe tisa?"

"Ilikuwa siku ya kuzaliwa mke wangu, na mimi nilikuwa ziwani. Tarehe hiyo nitakumbushwa mpaka kaburini."

Ikawa ndiyo basi. Wiki tatu Roma alikuwa amemfuatilia Lyle Fenske, muuza karatasi kuukuu wa Milwaukee, akiamini kwamba ndiye aliyeipenyeza ile ramani darini mwa jumba la makumbusho. Wiki tatu za simu, stakabadhi za petroli na kahawa ya vituo vya njiani. Kumbe siku yenyewe ramani ilipopenyezwa, bwana yule alikuwa ameegemea ukingo wa mashua akimtapikia Gordy viatu.

Ramani hiyo ndiyo iliyoutia mji wa Port Ansgar kiwewe. Ilionekana mwezi Oktoba, ndani ya sanduku la kale la kanisa. Iliandikwa Septemba 1866, ina sahihi ya mpima ardhi, na inaonyesha Kisiwa cha Korongo chote, kutoka mwaloni wa kwanza hadi wa mwisho, kuwa mali ya mtu mmoja aitwaye August Dettmer. Kabla habari haijapoa, akatokea kitukuu wake, Royce Dettmer, mjenzi wa mahoteli kutoka Chicago, akiwa na wakili mkononi. Mji ulijua siku zote kwamba kisiwa ni chake; ulipewa na mwenye kiwanda cha mbao mwaka 1902. Lakini hati zote za kabla ya 1881 ziliteketea pamoja na jengo la mahakama, kwa hiyo hapakuwa na karatasi ya kupambana na karatasi. Maabara ya Madison, mji mkuu wa jimbo, nayo ikamaliza ubishi: karatasi ni ya miaka ya 1860 kweli, na wino ni wa aina ya siku zile.

Saa nane mchana jaji angetoa uamuzi. Na kwenye kisiwa hicho palikuwa na nyumba moja tu, ya Inez Skogstad, bibi wa miaka sabini na tisa, aliyezaliwa chumba cha juu na kumzika mumewe bila kuhama hata usiku mmoja. Dettmer akishinda, bibi anatoka. Tena anatoka leo, maana kisiwa hakina daraja: samani huvuka kwa gari juu ya barafu, la sivyo hazivuki kabisa, na utabiri wa hali ya hewa ulikuwa umetangaza jua la kuyeyusha kuanzia kesho. Majirani walikwisha kupanga magari yao. Sherifu naye alikuwa amemwambia Roma jana, kwa upole unaoudhi, kwamba asipokuwa na kitu mkononi kufikia saa nane, faili linafungwa.

"Umekunja uso," Gordy alisema. "Unanifukuzia samaki."

"Samaki gani? Tangu lini sturjeni wakapita kwenye mkondo huu?"

Hapo Roma alikuwa amegusa kidonda. Kila Februari wanaume na wanawake wa Port Ansgar hukaa gizani ndani ya vibanda visivyo na dirisha, kila mmoja na mkuki wake, wakichungulia tundu lenye ukubwa wa mlango na kumsubiri yule samaki mwenye ndevu, mrefu kumshinda mtu. Lakini hukaa ziwa kuu. Mkondo ulio kati ya mji na kisiwa haujawahi kumpa mtu kitu. Gordy alikuwa ameweka kibanda hapo kwa sababu binamu yake Duane alimwahi mahali pake pa kawaida.

"Heri nikose samaki peke yangu kuliko kumpata mbele ya Duane," alisema. "Ila sakafu ya huku ni mbovu. Ona sahani zangu."

Roma akainama. Maji yalikuwa na mwanga wa kijani, angavu mpaka chini. Kama desturi, Gordy alikuwa amedondosha sahani nyeupe ili samaki akipita juu yake aonekane kama kivuli. Sahani zilikuwa sita, na hapakuwa na hata moja iliyolala sawasawa.

"Zimekaa upande kama walevi," Gordy aliendelea kulalamika. "Magogo hayo. Magogo matupu."

"Ya enzi za mbao?"

"Ya nini tena? Wazee walizamisha nusu ya msitu humu."

Roma angeweza kuliacha hilo lipite. Kila mtu anajua kwamba ziwa limejaa magogo yaliyozama yakielea kwenda kiwandani. Lakini alikuwa hana pengine pa kutazama, na mtu asiye na pengine pa kutazama hutazama vizuri. Magogo ya kiwanda ni manene, hukatwa kwa msumeno, hugongwa muhuri wa mwenyewe kwenye kichwa, na yakizama hulala hovyo. Haya yalikuwa membamba kama paja la mtu. Vichwa vyake vilikuwa vimechongwa kwa shoka. Na yalikuwa yamelala ubavu kwa ubavu kama miyaa ya mkeka, yote yakiishia kwenye mstari mmoja.

"Gordy, ile kamera yako ya kuzamisha unayo?"

"Ninayo. Kwani vipi?"

"Na keekee ya barafu?"

"Ninayo. Na mgongo mbovu pia ninao, kabla hujaendelea."

Walitoboa matundu tisa, Roma akiishika keekee na Gordy akitoa maoni. Matano waliyatoboa kwa mstari kuelekea kisiwani, hatua hamsini hamsini. Kila waliposhusha kamera, kwenye kioo chake kidogo yakatokea magogo, ubavu kwa ubavu, kwa upana uleule. Wakarudi wakatoboa mawili kuelekea mjini: magogo. Kisha mawili pembeni, hatua kumi kushoto na hatua kumi kulia: matope na nyasi za ziwani, basi. Kila tundu Roma alilihifadhia picha kwenye kamera.

Gordy akakitazama kioo, akatazama kisiwa, akautazama mji. Alivua kofia, akajikuna.

"Hii ni barabara," alisema. "Ya magari ya farasi. Kama zile za kwenye vinamasi, babu zetu walikuwa wanalaza magogo gari lisizame."

"Ndiyo."

"Sasa ni mwendawazimu gani anajenga barabara chini ya maji?"

"Hakuna," Roma alisema. "Hakuna aliyeijenga chini ya maji."

Akatoka mbio kuelekea kwenye pikapu yake, na kwa mwanamke wa miaka hamsini na sita aliyevaa mabuti ya barafu, zile zilikuwa mbio za kutazamwa.

Faili lilikuwa chini ya kiti. Ndani yake mlikuwa na nakala aliyokuwa ameisoma mara nyingi kiasi cha kuikariri: ukurasa mmoja wa daftari la mpima ardhi wa serikali wa mwaka 1851, aliyeupima mji huu kabla haujawa mji. Daftari hilo halikuungua kwa sababu lilihifadhiwa Madison. Mstari wenyewe ulisema hivi: *Nikatembea kuelekea mashariki, minyororo ya kupimia thelathini na moja, nikafika mguu wa kilima chenye mialoni.* Kilima chenye mialoni ni Kisiwa cha Korongo, hilo halina ubishi. Kipo palepale, na mialoni yake ipo. Wakili wa mji alikuwa ameusoma mstari huo. Roma alikuwa ameusoma. Jaji pia. Na wote, bila kuulizana, walikuwa wameelewa kitu kimoja: mpima ardhi alivuka juu ya barafu.

Wangeelewa nini kingine? Wao wenyewe hutembea juu ya ziwa hilo miezi minne kila mwaka. Mtoto wa Port Ansgar hujifunza kusimama juu ya Tolliver kabla ya kujifunza kuogelea ndani yake. Mtu akikuambia alikwenda Korongo kwa miguu, hushangai, unamwuliza barafu ilikuwa na unene gani.

Mahakama ilikuwa imepewa ukurasa mmoja tu. Lakini Madison walikuwa wamemletea Roma daftari zima ndani ya bahasha, na ile bahasha alikuwa hajaifungua zaidi ya nusu, maana alikuwa na Fenske wa kukimbizana naye. Akaifungua sasa. Mpima ardhi yule hakuandika tarehe kila ukurasa. Aliiandika mara moja, mwanzo wa siku. Roma akarudi nyuma ukurasa mmoja.

*Agosti 12. Joto kali. Mbuga ya majani ya kukata, yanafika kiunoni, ardhi tepetepe lakini inapitika. Mbu hawavumiliki.*

Akasoma mara ya pili kwa sauti, kisha akacheka peke yake ndani ya gari mpaka kioo kikapata ukungu. Mbu. Kesi ya miezi minne, na aliyekuwa anajua ukweli ni mbu.

Kabla ya kwenda popote alipita mwisho wa Mtaa wa Kinu, penye ukuta wa bwawa, mto unapotoka ziwani. Hakuwa na haja ya kwenda, kila mtu amewahi kukaa juu ya ukuta ule akila aiskrimu, lakini alitaka picha yenye tarehe ya leo. Jiwe la pembeni lilikuwa limechongwa mwaka wake kwa herufi kubwa: 1874. Mji mzima ulijua kwamba ukuta huo uliinua maji ili gurudumu la kiwanda lizunguke. Hakuna aliyewahi kuuliza maji hayo yalipoinuka yalifunika nini.

Kwa hiyo mambo yalisimama hivi. Mwaka 1851 Korongo ni kilima mwisho wa mbuga, na mtu anakwenda kwa miguu katikati ya kiangazi. Baadaye wakulima wanalaza barabara ya magogo ili kutoa majani yao. Mwaka 1874 unajengwa ukuta, maji yanapanda, mbuga inazama, kilima kinakuwa kisiwa. Lakini ramani ya Dettmer, iliyochorwa 1866, inaonyesha kisiwa, na mkondo, na kina cha mkondo. Imechora maji miaka minane kabla maji hayajafika.

Na jambo la pili lilikuwa tamu kuliko la kwanza. Fenske wa Milwaukee, au mtu yeyote wa Dettmer, angeusoma ule mstari wa *nikatembea* na kushtuka. Mgeni angeuliza: alitembeaje? Wa kutouliza ni mwenyeji peke yake. Aliyeichora ramani ile alizaliwa hapa, ana mkono mzuri wa kuchora, na dari la makumbusho lilikuwa wazi kwake. Roma alimjua. Alikuwa amemjua tangu ana miaka kumi na minne, na hilo lilimwuma kidogo, lakini si kwa kiasi cha kupunguza mwendo wa gari.

*

Warren Teske alikuwa akikata keki ya lozi Roma alipoingia. Jumba la makumbusho lilikuwa zamani kituo cha reli, na mzee huyo, aliyefundisha historia shule ya sekondari ya mji kwa miaka arobaini, alikaa pale penye dirisha la tiketi kana kwamba treni bado zilimsubiri yeye.

"Kubiak," alisema. "Kaa. Umetoka barafuni, unanuka samaki."

"Shikamoo, Mwalimu. Naweka kinasa sauti mezani. Hujakamatwa. Ukitaka kuondoka, mlango ule pale."

"Wewe ulikuwa ukitoka darasani kwangu bila ruhusa. Leo unanipa mimi ruhusa."

"Dunia inazunguka. Ramani uliiona wewe wa kwanza?"

"Mimi. Darini, sanduku la kanisa."

"Ulikuwa na nani?"

"Na nani? Ngazi ile haibebi watu wawili."

"Uliikagua?"

"Dakika kumi zilinitosha. Maabara ni kwa watu wasiojua." Alimsogezea kipande cha keki. "Mimi ziwa hili nalijua kama kiganja changu, binti yangu. Ghuba, mlango wa mto, mkondo, kisiwa. Ramani ile haina kosa hata moja."

"Ramani inasema mkondo una kina gani?"

"Futi tisa."

"Na leo una kina gani?"

"Futi tisa. Si ndiyo nakwambia? Yule bwana alipima vizuri."

"Futi tisa kabla ya ukuta wa bwawa," Roma alisema, "na futi tisa baada ya ukuta wa bwawa."

Kisu cha keki kikatulia. Teske hakuwa mjinga. Hata Roma, aliyewahi kupewa naye alama mbaya bila haki, hangesema hivyo.

"Ukuta uliongeza maji kidogo sana," alisema. "Inchi chache."

"Nani kasema?"

"Imeandikwa."

"Wapi?"

"Kwenye historia ya mji."

"Ya nani?"

Mzee alijifuta vidole kwa leso, kimoja kimoja. "Yangu," alisema.

Roma akafungua bahasha ya picha alizopitia ofisini kuzichapisha. Alizipanga zile za kamera mezani, tisa, kwa mpangilio wa matundu. Teske akavaa miwani.

"Magogo ya enzi za mbao," alisema.

"Muhuri uko wapi?"

Akatafuta muhuri. Akaichukua picha ya pili, ya tatu, akaziweka kichwa kwa kichwa kama alivyokuwa akiwafundisha watoto kupanga vipande vya gazeti la kale. Alipofika ya saba mkono wake ulianza kwenda polepole. Ndipo Roma alipomwekea ukurasa wa daftari juu ya picha, ule uliotangulia.

"Mahakamani ulipeleka ukurasa mmoja, Mwalimu. Ukaambatanisha maelezo kwa mkono wako, kwamba mpima ardhi alivuka majira ya baridi. Huu ndio wa kabla yake."

Teske alisoma. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Alipofika mwisho akarudi kwenye tarehe, akaiwekea kidole.

"Agosti," alisema.

"Tarehe kumi na mbili."

"Alitembea Agosti."

"Na majani kiunoni."

Alinyanyuka, akaenda dirishani. Kutoka pale kisiwa kilionekana chote, na foleni ya magari imeanza kujipanga ufukweni, tayari kwenda kumhamisha Inez Skogstad. Teske hakuyatazama magari. Alikuwa akiitazama ile nafasi nyeupe iliyo kati ya mji na kisiwa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyozaliwa si ya baba yake.

"Miaka arobaini," alisema. "Nimewasimamisha watoto kwenye ufuko ule miaka arobaini nikawaambia, hiki ni kisiwa, kimekuwa kisiwa tangu enzi ya barafu kuu. Na wewe nilikwambia."

"Uliniambia. Nikaandika kwenye mtihani."

"Nimeishi juu ya barabara nisiijue." Akageuka. Sauti yake ilikuwa na hasira ya kweli, hasira ya mwalimu aliyekosolewa mbele ya darasa. "Ningejua palikuwa na barabara pale, Kubiak, ningeichora."

Taa nyekundu ya kinasa sauti ilikuwa ikiwaka. Roma akamwachia mzee nafasi ya kusikia alichokisema mwenyewe, na ilimchukua pumzi mbili au tatu.

"Kaa, Mwalimu," alisema hatimaye. "Sasa nakusomea haki zako. Zisikilize zote, hata kama unazijua."

Alizisikiliza zote. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu asiyeweza kuacha hadithi nusu, akaeleza mwenyewe. Karatasi aliikata nyuma ya daftari la ubatizo la kanisa, penye kurasa tupu. Wino aliupika jikoni kwa uvimbe wa mti wa mwaloni na kutu ya chuma, kama ulivyopikwa zamani. Dettmer alikuwa amemwahidi jumba jipya la makumbusho, la mawe, na jina la Teske juu ya mlango.

"Dettmer alijua ni ya kughushi?"

"Hakuuliza. Watu wa namna ile hawaulizi."

"Na Inez hukumfikiria?"

Warren Teske alivua miwani, akaikunja, na Roma hakulirudia swali. Alizima kinasa sauti, akatazama saa ya kituo. Saa saba na robo. Moyo wake ulikuwa ukidunda kwa furaha tupu isiyo na adabu, na hakuona sababu ya kuificha, ila kwa heshima ya mzee alisubiri mpaka afisa wa zamu alipokuja kumchukua. Ndipo akakimaliza kile kipande cha keki.

*

Mahakamani mambo hayakuchukua muda. Jaji aliusoma ukurasa wa Agosti, akazitazama picha tisa na ile ya jiwe, akamsikiliza Teske kwenye kinasa sauti mara moja. Wakili wa Dettmer akaomba siku saba.

"Saba za nini?" jaji akauliza.

Wakili akatafakari, akasema hana la kuongeza. Ramani ikaondolewa kwenye ushahidi na kukabidhiwa kwa mwendesha mashtaka, dai likatupwa, na Royce Dettmer akatoka kwa mlango wa nyuma akamkuta afisa wa sherifu anamsubiri na maswali yake. Saa nane na dakika arobaini Roma alikuwa ameshuka na pikapu barafuni, akifuata miti ya Krismasi iliyokauka ambayo watu wa mji huisimika kila mwaka kuonyesha njia salama.

Alikuta magari kumi na moja mbele ya nyumba ya Skogstad. Majirani walikuwa wameanza mapema kwa hofu ya jua. Nusu ya nyumba ilikuwa nje: makabati, viti, mashine ya kushonea, magodoro yaliyofungwa kwa kamba. Inez alisimama kwenye ngazi, ndani ya koti la marehemu mumewe, akiwaelekeza wanaume wazima kama watoto wa darasa la pili.

"Orlin, meza haibebwi hivyo, ina mguu mbovu kuliko wako."

"Nimeona, mama."

"Umeona baada ya kuigonga."

Roma akatembea kati ya viti mpaka chini ya ngazi. Watu wakaacha kubeba. Kila mmoja alijua ametoka wapi.

"Mama Inez," alisema. "Ramani ni ya uongo. Aliyeichora amekiri. Jaji amelitupa dai. Huhami."

Bibi alimtazama. "Rudia."

"Ramani ni ya uongo. Jaji amelitupa dai. Huhami."

"Rudia polepole, kama unasoma kanisani."

Roma akarudia polepole. Kisha akamweleza habari ya mbuga na barabara ya magogo na ukuta wa bwawa, kwamba hapa waliposimama palikuwa kilima, na watu walipita chini pale kwa miguu yao mchana wa kiangazi. Wakati akisema, mtu mmoja nyuma alipiga mluzi mrefu, mwingine akamwambia anyamaze asikie.

"Kumbe kilima," Inez alisema. "Basi babu hakuwa mwongo. Alikuwa akituambia baba yake alileta ng'ombe kulisha huku, wanatembea, kengele shingoni. Tulimcheka. Tulimwambia, babu, ng'ombe gani hutembea juu ya barafu? Akaacha kusimulia. Tulimcheka mpaka akaacha."

Akaketi juu ya sanduku la vyombo, palepale kwenye theluji, na yeye ambaye tangu Oktoba hakuna aliyemwona akitoa chozi, alilia wazi, bila kujifunika uso, na majirani zake wakasimama wakiwa wamebeba vitu vyake wasijue wavitue au waendelee kuvishika. Orlin alikuwa na kitanda kichwani. Wanawake wawili walishikilia kioo kikubwa katikati yao, na ndani yake lilionekana ziwa zima, jeupe, na mji upande wa pili.

"Mama," Orlin alisema taratibu kutoka chini ya kitanda, "sasa hiki nakipeleka wapi?"

Inez alijifuta uso kwa mkono wa koti. Akainuka, akawatazama wote, magari yote kumi na moja na watu wote waliokuja kumtoa, akapanda ngazi moja ili aonekane.

"Kitanda kingoje," alisema. "Rudisheni jiko kwanza. Watu wote hawa watataka kahawa."